Tusimlazimishe Kula: Neno kuhusu Waamini Waliofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Mpendwa msomaji, makala hii naiandika nikiwa na deni. Mwaka jana, katika sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto mmoja wa parokia ninayosaidia siku za Jumapili, niliketishwa meza kuu pamoja na wazazi, wasimamizi na viongozi wa jumuiya. Kushoto kwangu alikaa mama mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi, kiongozi wa WAWATA, mwimbaji wa sauti ya pili, na mmoja wa wapishi hodari wa parokia ile. Sahani yake ilikuwa na kijiko kimoja cha maharage na kipande cha samaki kisichozidi upana wa vidole viwili. Nikamwambia kwa sauti iliyosikika meza nzima: "Mama, mbona hivyo? Au chakula cha wenzako hakikufai?" Watu wakacheka. Mwenye nyumba, aliyekesha jikoni usiku kucha, akaja mwenyewe na bakuli, akampakulia pilau na vipande viwili vya nyama choma. Mtu mwingine akamfungulia soda. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Haya sasa, ule. Padre anakuangalia."

Alikula. Alikula vijiko vitatu au vinne, akaitafuna nyama harakaharaka kwa sababu sote tulikuwa tukimtazama, akanywa soda nusu chupa ili ishuke. Haikuchukua muda akashika kifua, jasho likamtoka, akainuka. Tulimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Kabla ya jioni habari zilikwishafika hadi kigangoni. Wengine walisema ana mimba, wengine vidonda vya tumbo, na wengine wakataja ule ugonjwa ambao watu wetu bado wanautaja kwa kunong'ona. Maana nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya, na kwetu mtu akipungua ghafla kila mmoja anakuwa daktari. Kwa wiki sita hakuonekana jumuiyani.

Alipokuja ofisini ndipo nilipojua kwamba miezi mitatu kabla ya sherehe ile alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na magoti yalikuwa yamegoma kumpandisha ngazi za kwaya. Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe. Aliogopa kuambiwa kwamba ameshindwa kufunga mdomo, akaenda kununua wembamba hospitali. Ameniruhusu kuandika haya bila jina lake, na ameyasoma kabla sijayatuma.

Ninalotaka kusema ni hili. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu anatakiwa kubadili namna ya kula na kunywa kwa maisha yake yote, na kazi hiyo haiwezi peke yake. Meza zetu, za nyumbani, za jumuiya, za parokia na za seminari, zinaweza kumsaidia au kumrudisha hospitali. Kwa sasa nyingi zinamrudisha, na kibaya zaidi zinafanya hivyo kwa jina la ukarimu.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa maana wengi tunabishana juu ya jambo tusilolijua. Katika aina ya upasuaji inayofanyika zaidi siku hizi, daktari huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa tumbo na kubakiza mrija mwembamba wenye umbo kama la ndizi. Aina nyingine ni ya mchepuko, ambayo wengi huiita bayipasi. Hapo daktari hutengeneza kifuko kidogo sana sehemu ya juu ya tumbo, cha ujazo wa mililita 30 hivi, yaani kama vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kuna pia puto linalowekwa tumboni kwa muda bila kupasua, kisha likatolewa. Hapa nchini Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ni miongoni mwa zinazotoa huduma za namna hii, kwa hiyo si habari za Ulaya na Marekani tena. Wala unene si habari ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Hesabu benchi za upande wa kina mama Jumapili ijayo, utaelewa.

Mabadiliko ya kula huanza kabla ya kisu. Kwa kawaida mgonjwa hupewa wiki mbili hivi za chakula chepesi chenye wanga na mafuta kidogo, kwa kuwa ini la mtu mnene huwa limevimba mafuta na humzibia daktari njia. Likisinyaa kidogo, kazi inakuwa salama zaidi. Hapo ndipo ndugu wanapofanya kosa la kwanza: wanamwandalia karamu ya kuagana na chakula. Nimesikia ya mtu aliyechinjiwa mbuzi siku nne kabla ya kulazwa. Kama tunataka kumfanyia jambo kabla ya upasuaji, Kanisa lina jambo bora la kufanya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaeleza kwamba inafaa kupokea Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji mkubwa. Mwite paroko, mbuzi asubiri.

Baada ya upasuaji huja ngazi ambazo mgonjwa hupanda polepole. Siku za kwanza ni maji na vimiminika vyepesi, kwa kunywa kidogo kidogo kama anayeonja. Kisha vimiminika vizito kama maziwa, mtindi mwepesi na supu iliyochujwa. Baadaye chakula kilichopondwa, halafu chakula laini, na ni baada ya wiki sita hadi nane hivi ndipo wengi huanza kurudi kwenye chakula cha kawaida, tena kwa kiasi kidogo. Kila hospitali ina ratiba yake na mgonjwa afuate ya kwake. Protini hutangulia mlo wowote, kwa kawaida gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwa sababu nafasi ni ndogo na mwili usipopata protini huanza kula misuli yake wenyewe. Mayai, samaki, dagaa waliosagwa, maharage, mtindi: jiko la Mtanzania halikosi. Ugali, wali, mkate na nyama kavu ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa kuwa huvimba au hukwama. Kila tonge litafunwe mpaka liwe kama uji. Na vidonge vya vitamini na madini, hasa vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, vinakuwa vya kila siku kwa maisha yote, si dozi ya wiki mbili.

Kisha kuna kanuni ambayo hapa kwetu inaonekana kama utovu wa adabu: usile na kunywa kwa wakati mmoja. Mgonjwa huambiwa aache kunywa mara anapoanza kula, na asubiri kama nusu saa baada ya mlo ndipo anywe. Mfuko ni mdogo. Ukijaa maji chakula hakiingii, au maji yanakisukuma chakula kipite haraka na njaa inarudi mapema. Lakini katikati ya milo anatakiwa anywe sana, lita moja na nusu au zaidi kwa siku, funda baada ya funda, maana hawezi tena kunywa glasi nzima kwa mkupuo. Kwa hiyo mtu huyu anatembea na chupa ya maji kila mahali, lakini mezani anakataa maji. Sisi tunamwona ana maringo pande zote mbili.

Soda ina matatizo mawili. Gesi yake hutanua kifuko na kuleta maumivu. Sukari yake, hasa kwa aliyefanyiwa mchepuko, huingia kwenye utumbo kwa kishindo: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, kizunguzungu, kuhara. Sasa fikiria sherehe yoyote ya parokia. Kreti za soda ndizo za kwanza kufika, na maji huja mwisho kama yamebaki.

Nimewahi kuulizwa na frateri mmoja, tena kwa nia njema kabisa: "Padre, lakini huu upasuaji si njia ya mkato? Dawa ya ulafi si fadhila ya kiasi?" Swali hilo linastahili jibu la darasani, na jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, je, ni halali kuondoa sehemu kubwa ya kiungo ambacho chenyewe si kigonjwa? Papa Pio XII aliligusa suala la namna hii Oktoba 1953 alipozungumza na madaktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Kwa ufupi, kiungo chenye afya kinaweza kuondolewa iwapo kuendelea kwake kufanya kazi kunaudhuru mwili mzima, iwapo madhara hayo hayawezi kuepukwa kwa njia nyingine ya maana, na iwapo faida inayotarajiwa inazidi hasara. Sehemu ni kwa ajili ya mwili mzima. Mtu ambaye kisukari kinaelekea kumla figo na macho, aliyejaribu kwa miaka kupungua akapungua na kurudi palepale, akapimwa na madaktari wakaona upasuaji unafaa, anasimama ndani ya mafundisho hayo bila wasiwasi. Anayetaka tu kuingia kwenye gauni la send-off ana swali jingine la kujiuliza, na hata madaktari waangalifu watamrudisha nyumbani.

Pili ni hiyo habari ya ulafi. Mt. Thoma wa Akwino, ambaye masimulizi ya kale yanamtaja kuwa mtu wa mwili mkubwa, anafuata mafundisho ya Mt. Gregori Mkuu na kueleza kwamba mtu anaweza kuwa mlafi kwa namna tano: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai chakula kitengenezwe kwa ufundi wa kupindukia. Tazama sasa upasuaji unagusa ipi. Unagusa moja, ya wingi, na hata hiyo ni kwa muda, maana kifuko huweza kutanuka taratibu. Nne nyingine zinabaki palepale. Aliyefanyiwa upasuaji bado anaweza kula kabla ya wakati, na ndiyo hatari yake kubwa: kudonoadonoa siku nzima. Bado anaweza kupenda vitamu, na aiskrimu hupita kwenye mrija ule bila kizuizi chochote. Kula kwa pupa sasa kunaadhibiwa papo hapo, kwa kutapika. Nani basi anayehitaji fadhila ya kiasi kuliko mtu huyu? Kisu kimempa nafasi. Mazoezi ya fadhila anayafanya yeye, kijiko kwa kijiko, mara tano au sita kwa siku.

Na kinyume chake pia. Mseminari mwembamba kama mshumaa wa Pasaka anayenung'unika kila siku kwamba maharage hayakuungwa kwa nazi asidhani yuko salama mbele ya orodha ile. Unene hauonyeshi ni nani mlafi. Kuna urithi, kuna dawa zinazonenepesha, kuna homoni, kuna kazi za kukaa kutwa, kuna umaskini unaomfanya mtu ale wanga mtupu kwa kuwa ndio rahisi. Mapadre tumekuwa wepesi wa kutania miili ya watu mimbarini. Tuache.

Narudi kwenye ukarimu, kwa kuwa hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni kweli, lakini tumegeuza sahani kuwa kipimo cha upendo. Asiyemaliza amedharau. Asiyeongeza hakupenda. Mama aliyepika anasimama nyuma ya mgeni na mwiko kama askari. Nia yake ni njema, na katika nchi ambayo watu wengi wamelala na njaa, kumpa mtu chakula kingi kulikuwa na maana nzito. Silidharau hilo. Mama yangu alinilea hivyohivyo. Lakini mtume Paulo alipowaandikia Warumi, katika sura ya 14, alikuwa na jumuiya ambayo watu wake walihukumiana kwa sababu ya sahani, wenye kula wakiwabeza wasiokula na wasiokula wakiwahukumu wenye kula. Hakuwaambia wote wale sawa. Aliwaonya wasimwangamize ndugu kwa ajili ya chakula. Nilikuwa nimefundisha sura hiyo darasani zaidi ya mara moja kabla ya siku ile ya pilau.

Pombe ni mbaya zaidi ya pilau. Baada ya upasuaji, hasa wa mchepuko, kilevi huingia kwenye damu upesi na kupanda juu kuliko zamani, hata glasi moja yaweza kumfanyia mtu kama mbili. Kuna jambo jingine ambalo familia hazielezwi vya kutosha. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ukakuta kwamba walio na tatizo la ulevi walikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Ongezeko linaonekana dogo, lakini angalia linapotokea: mwaka wa pili, wakati kila mtu anamsifu kwa kupendeza na hakuna anayemwangalia tena. Kwa hiyo kata ya mbege inapozunguka kule Kilimanjaro, au ulanzi kule Iringa, na mtu akaipitisha kwa jirani bila kunywa, asiambiwe anadharau wazee. Na tafadhali, tusimtumie Timotheo. Kila anayetaka kumlazimisha mwenzake anywe anakumbuka kwamba Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kwa ajili ya tumbo lake. Wanasahau kwamba alimwambia kidogo, na kwamba ulikuwa ushauri kwa mtu mmoja aliyekuwa akiugua mara kwa mara.

Sasa tuje kwenye kufunga, maana huko ndiko maswali mengi yanakotoka, na Kwaresima ikifika yatakuja ofisini kwa paroko, awe tayari au la.

Saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haina ugumu. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo huo, na wagonjwa, wazee na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Kwa hiyo mwamini anayekunywa funda la maji kanisani wakati wa Misa ndefu ya Kipaimara havunji kitu chochote. Nimewahi kumwona mhudumu wa ibada akimnyang'anya mtu chupa mlangoni kana kwamba ni silaha. Wahudumu waelezwe.

Mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unawahusu waliotimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na kujinyima nyama kunawahusu kuanzia miaka 14. Sheria hii haikutungwa ili kuwadhuru wagonjwa. Mtu aliye katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji, anayehangaika kufikisha maji na protini ya siku, hafungwi nayo, wala hahitaji kujihisi Mkristo wa daraja la pili. Akiwa na shaka aongee na paroko, ambaye kwa kanuni ya 1245 ana mamlaka ya kumwondolea wajibu huo au kumbadilishia na tendo jingine la ibada. Kujinyima nyama Ijumaa hakumsumbui hata kidogo, kwa kuwa samaki na mayai vinampa anachohitaji. Nyama choma yenyewe haimfai, kama nilivyojifunza.

Ninaloliogopa ni jingine, nalo haliko katika sheria yoyote ya Kanisa: mifungo mikavu ya siku tatu, bila kula wala kunywa, inayotangazwa katika baadhi ya vikundi vya sala. Mtu asiyeweza kunywa glasi nzima kwa mara moja, akikaa siku moja tu bila maji, hana namna ya kulipa deni hilo kesho yake. Figo zitaumia. Na kama ameshakuwa akitapika kwa wiki kadhaa na kukosa vitamini B1, anaweza kupata madhara ya ubongo na mishipa ya fahamu yasiyorudi nyuma. Kiongozi wa kikundi anayemwambia mtu wa namna hii kwamba imani yake ni haba anabeba mzigo mzito sana. Yule mama aliniuliza: "Padre, mimi sasa nitatoa sadaka gani Kwaresima, nami kila siku ni kama nimefunga?" Nilimjibu kwamba kula kidogo kwake ni matibabu, si mfungo, kwa hiyo asikuhesabu kama toba na wala asikuongezee toba. Atafute sadaka mahali pengine: ulimi, simu, muda. Akacheka, akasema ulimi ni mgumu kuliko ugali.

Ndugu zangu waseminari, nimewaacha mwisho kwa makusudi. Wengi wenu mtakuwa maparoko. Siku ya kutembelea vigango mtakula nyumba tatu, na kila nyumba itakuwa imechinja kuku. Mtakula kwa upendo, mtaendesha gari badala ya kutembea, na baada ya miaka kumi kanzu itakuwa imebana. Baadhi ya mapadre nao wamefika, au watafika, kwenye meza ya upasuaji huu. Nawaomba mlione hilo mapema, msilifanyie utani.

Padre aliyefanyiwa upasuaji wa mchepuko anakabili jambo ambalo mlei halikabili: divai ya Misa. Jumapili yenye Misa tatu, na pikipiki kati ya kigango na kigango, funda kubwa la divai katika tumbo tupu si mzaha kwake. Cha kwanza ni chepesi, aweke divai kidogo sana katika kalisi. Pia sheria, katika kanuni hiyohiyo ya 919, inamruhusu padre anayeadhimisha mara mbili au tatu kwa siku kula kitu kabla ya Misa ya pili au ya tatu hata kama saa haijatimia, na kwake yeye yai la kuchemsha kati ya Misa na Misa ni sehemu ya matibabu. Ikiwa daktari amemkataza kilevi kabisa, kuna mustumu, maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa bila kubadili asili yake. Barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya mwaka 2003 iliwapa Maaskofu uwezo wa kumruhusu padre au mlei autumie. Aombe kwa maandishi, asijifanyie mwenyewe. Na asione haya kumwambia Askofu sababu.

Nyongeza ndogo kwa wanaotunza sanduku la dawa seminarini na paroko anayempa mgonjwa kidonge kwa huruma: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kumletea vidonda mtu wa namna hii, hasa wa mchepuko. Aulizwe kwanza alichoambiwa na daktari wake.

Yule mama amerudi jumuiyani. Sitasema kila kitu kimekaa sawa. Wapo wanaomwita "mwembamba wa hospitali", na shemeji yake mmoja bado anamwekea pilau kwa nguvu. Lakini mwenye nyumba wa siku ile alikwenda kwake na birika la uji wa ulezi usio na sukari, wakakaa barazani saa nzima. Mimi nilikwenda kumwomba radhi, akaniambia tuandike ili wengine wasifanyiwe. Ndiyo makala hii.

Mwezi ujao parokia ina upadrisho na wageni watakuwa wengi. Kamati ya chakula imenipa dakika tano katika kikao chake. Nitaomba vitu vitatu: maji yagawiwe mapema, kabla chakula hakijafunguliwa, sahani ndogo ziwekwe mwanzoni mwa foleni, na anayechukua asiulizwe kwa nini, na mshereheshaji asitaje kwenye kipaza sauti ni nani hajala, hata kama ni Padre.